Visu Vitatu vya Mkono wa Kushoto

Kila asubuhi, kabla ya chai, Fundi Shoto alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, akatandika gunia pajani, akaweka jiwe la kunolea juu yake na kuchovya vidole kwenye kopo la maji. Kisha alinoa. Mara kumi na mbili upande mmoja wa kisu, mara moja tu upande wa pili, basi. Kisu cha kubebeshea miche, yaani kupachika kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, hunolewa upande mmoja na upande wa pili hubaki bapa, na visu vyote vya dukani vilikuwa vimenolewa kwa ajili ya watu wa mkono wa kulia. Yeye alikuwa mtu wa shoto. Mtu wa shoto akishika kisu cha dukani makali humkimbia, mche huchanika vibaya, na kikonyo kilichopachikwa hukauka kabla wiki haijaisha. Kwa hiyo kila kisu alichowahi kukitumia alikuwa amekisaga upya kwa mkono wake mwenyewe, kazi ya wiki nyingi na maneno machache.

Siku hizi alinoa polepole zaidi, mkono wa kulia ukiwa umekikamata kifundo cha mkono wa kushoto. Mkewe alipouliza aliambiwa kwamba hivyo ndivyo makali yanavyodumu.

Alikuwa amefika mara ya saba simu ilipolia ndani. Binti yake alitoka mlangoni na mswaki mdomoni, akatema povu kwenye mtaro.

"Baba, ndege si kesho."

"Imeahirishwa?"

"Ni leo. Saa tisa alasiri. Wakala anasema ya kesho imefutwa, tumehamishiwa ya leo. Saa saba niwe nimeshafika uwanjani."

Mama alitokeza kichwa dirisha la jikoni. "Leo hii?"

"Leo hii, Mama."

"Nguo zako ziko kwenye kamba zinachuruzika maji."

"Najua."

"Basi wapigie uwaambie ndege isubiri zikauke," alisema mama, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabla siku haijaanza, akafunga dirisha.

Fundi Shoto alibaki na kisu mkononi. Hakukumbuka kama alikuwa amefika mara ya saba au ya nane, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini akakiacha kisu bila kukimaliza.

Safari yenyewe ilikuwa imekuja kwa njia ya simu pia. Shamba kubwa la ng'ambo, lenye vitalu vilivyofunikwa nailoni kutoka upande mmoja wa upeo wa macho hadi mwingine, lilitafuta watu wanaojua kubebesha machungwa na parachichi. Binti, ambaye kwenye kitalu cha baba yake wateja walimwita Shoto Mdogo, alipigwa picha ya video akibebesha miche ishirini, akachukuliwa. Mkataba wa miaka miwili. Barua ilisema aende na kisu chake, na kwamba siku ya kwanza atapewa miche mia moja mbele ya msimamizi. Atakayeharibu zaidi ya kumi atarudishwa kwao.

*

Kufika saa tatu mezani palikuwa na visu vitatu, na watu wanne wenye maoni matano.

Kisu cha kwanza kiliitwa Babu. Mpini wake ulikuwa wa pembe, na bapa lake lilikuwa limelika kwa kunolewa hadi likawa jembamba kama ganda la kitunguu. Cha pili kiliitwa Mdomo, kwa sababu kilijipinda mbele kama mdomo wa kasuku. Cha tatu hakikuwa na jina. Kilikuwa bado kipya, kina miaka kumi na mmoja tu. Vyote vilikuwa vya kukunja, na vyote vilikunjwa kwa gumba la kushoto.

"Atakwenda na vyote," alisema Fundi.

"Na wewe?" aliuliza mkewe.

"Nitatengeneza vingine."

"Lini? Hicho cha mwisho ulikianza kabla ya mvua ukakimaliza baada ya mvua, na katikati hapo hukusema na mtu."

"Nitatengeneza, mama watoto."

Mtu wa nne alikuwa mume wa dada mkubwa wa Shoto Mdogo, aliyekuja na pikapu yake kuwapeleka uwanjani. Nyumbani hapo aliitwa Rubani, kwa sababu aliwahi kupanda ndege mara moja, miaka tisa iliyopita, na mdomoni mwake hajashuka mpaka leo.

"Baba, kwa heshima," alisema Rubani, "kisu hakipandi juu pamoja na abiria. Kimoja wala vitatu. Hata mkasi wa kucha hawautaki. Mimi walininyang'anya chupa ya maji."

"Chupa ya maji inamchoma nani?"

"Ndio utaratibu wao."

"Na utaratibu wa fundi ni kwamba kisu kinakaa mwilini mwa fundi. Hakilazwi na soksi."

"Sasa kule juu atabebesha nini, baba? Mawingu?"

Mama alicheka bila kutaka. Fundi hakucheka.

"Shemeji," alisema Shoto Mdogo, "kwenye begi kubwa je?"

"Linalokwenda tumboni mwa ndege, sawa. Kikunjwe, kifungwe kwenye boksi gumu, anayepekua asijikate. Na kioshwe. Kikiwa na utomvu au udongo, wakaguzi wa mimea watasema umewapelekea ugonjwa."

"Ugonjwa," alisema Fundi taratibu. "Kwenye kisu changu."

"Mimi sijasema ni kisu chako, baba. Nasema wao watasema."

Vyote vitatu vikaoshwa kwa maji ya moto, vikapanguswa kwa spiriti, na wakati wote huo Fundi alisimama mlangoni akiangalia nje, kama mtu ambaye mzazi wake anavuliwa nguo mbele za watu.

Mwishowe mama aliweka taulo mezani na kukata shauri. "Babu aende. Viwili vibaki. Miche elfu mbili iko kitaluni, inamngoja nani? Mtu hakati mguu wake ili mwanawe apate kiatu."

"Mama amesema kweli, Baba," alisema binti. "Kimoja kinanitosha."

"Sawa," alisema Fundi.

Mkewe alimtazama. Katika miaka thelathini na miwili ya ndoa hakuwahi kushinda ubishi upesi namna ile, na ushindi wenyewe ulimkera.

*

Shoto Mdogo alipiga pasi nguo mbichi hadi chumba kikajaa mvuke. Babu kilikuwa kimetiwa ndani ya boksi la dawa ya meno, boksi likaviringishwa kwenye taulo, taulo likalazwa ubavuni mwa begi. Fundi alijitolea kupanga buti za mpira. Hakuwahi kupanga begi la mtu yeyote maishani, hata lake, lakini buti hizo alizijaza magazeti kwa uangalifu mkubwa, akazisukuma hadi chini kabisa, akazifunika na sweta.

"Na jiwe hilo linakwenda wapi?" aliuliza mama.

"Linafuatana na kisu."

"Mtu anasafiri na jiwe. Huko hawana mawe?"

"Hawana hili."

"Baba watoto, nakuomba. Nina nguo mbichi, nina tiketi iliyogeuzwa, nina mkwe anayezungumza kama redio. Usinipe na jiwe."

Jiwe likatolewa.

Zipu ya begi ilifika katikati ikagoma. Rubani alisema inahitaji sabuni. Ikapakwa sabuni, ikagoma kwa harufu nzuri. Rubani akasema basi kamba. Kamba ya nailoni ikaletwa, ndefu kama deni la ukoo, na kisu cha jikoni kikatafutwa cha kuikatia. Kilipopatikana hakikukata kitu. Nyumba ya mnoaji ndiyo yenye kisu butu. Mama alikuwa akilisema hilo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

"Leta hapa, tutachelewa," alisema Shoto Mdogo. Aliingiza mkono penye zipu iliyogoma, akapapasa taulo, akatoa Babu. Wakaizungusha kamba mara nne, wakakaza, akaikata ncha iliyobaki kwa mkupuo mmoja. Gumba likasukuma, kisu kikajikunja kwa mlio wake mdogo, mkono ukashuka mfukoni mwa koti la jinzi, koti lile lile la kazini. Hivyo ndivyo mkono huo ulivyofanya kila jioni kwa miaka sita. Hakuna aliyeona, na yeye pia hakuona.

*

Kwenye kaunta ya uwanja wa ndege mizani ilitoa namba, na kijana wa kaunta aliisoma kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia.

"Imezidi kilo mbili na nusu. Mnalipia au mnapunguza?"

"Kiasi gani kulipia?" aliuliza mama.

Kijana akataja. Rubani akaangalia dari.

"Tunapunguza," alisema mama.

"Pembeni pale, tafadhali. Msizuie wengine."

Kamba ikafunguliwa sakafuni. Bado nguo zilikuwa na unyevu, zikatoa harufu ya pasi na sabuni ya kufulia. Mwanamke aliyekuwa na sanduku la magurudumu manne alizipita kwa kuinua miguu juu, kama anavuka dimbwi. Shoto Mdogo alikunja sidiria yake haraka ndani ya fulana, na masikio yake yakawa ya moto.

"Buti," alisema mama. "Hizi ndizo zilizozidisha. Zina nini hizi?"

"Buti zisiguswe," alisema Fundi.

"Atanunua huko."

"Nimesema zisiguswe."

Hakuwa amepaza sauti. Mama aliziacha buti, akapapasa upande mwingine, akakutana na kitu kigumu ndani ya mguu wa suruali. Akakivuta. Ilikuwa ni jiwe la kunolea.

Alilitazama jiwe, akamtazama mumewe, kisha akalitia jiwe kwenye mkoba wake wa mkono, pamoja na miwani na kitambulisho, akaufunga mkoba. Safari hii mizani ilikubali. Begi likafungwa tena, likalala kwenye mkanda, likayumba kidogo kama mlevi na kupotea nyuma ya pazia la mpira.

Wakaagana kwenye kizuizi ambacho wasiosafiri hawaruhusiwi kukipita. Mama alilia kidogo na kulaumu vumbi. Rubani alitoa nasaha kuhusu mkanda wa kiti. Fundi alimpa binti yake mkono, wa kulia, akauachia mapema.

"Kata mara moja," alimwambia. "Ukikata mara mbili mche umeshajua kwamba unaogopa."

"Ndiyo, Baba."

*

"Viatu, mkanda, koti, vyote kwenye trei," alisema mkaguzi. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti iliyosema maneno hayo hayo tangu alfajiri. Trei ikaingia kwenye mashine. Mkanda wa mashine ukasimama. Ukarudi nyuma, ukaenda mbele, ukasimama tena.

"Koti la nani?"

"Langu."

Mkaguzi akaingiza mkono mfukoni, akatoa Babu, akakiweka mezani baina yao.

"Na hiki ni nini?"

Shoto Mdogo alikitazama kisu kama mtu anayemwona marehemu sokoni. "Ni kisu," alisema.

"Afadhali. Wengine huniambia ni kalamu."

"Sikukiweka mimi. Yaani nimekiweka, lakini sikujua. Mkono tu, dada. Kilikuwa kwenye begi kubwa, nikakata kamba, halafu..." Akasikia maneno yake yalivyokuwa, akaacha.

"Unafanya kazi gani?"

"Nabebesha miche."

Mkaguzi alikifungua kidogo, akaona bapa lilivyolika, akakifunga. Pembeni yake palikuwa na sanduku la plastiki lenye mikasi ya kucha, bisibisi, uma mmoja, na visu vya kukunja vya kila rangi. "Kuna njia mbili," alisema. "Kinaingia humo, au unampelekea aliyekusindikiza kama bado yupo. Nakupa dakika kumi. Ukichelewa, foleni upya."

"Naweza kuvaa viatu?"

"Viatu vyako viko ndani ya mashine na mashine imesimama. Kwa sababu yako."

Akapewa mtu wa kumsindikiza, kijana mwenye redio ya begani aliyebeba kisu kwa vidole viwili. Shoto Mdogo alipita katikati ya watu kwa soksi, mkono mmoja ukishikilia suruali isiyo na mkanda. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu. Alikuwa amepanga kulishona usiku huo.

*

Hawakuwa wameondoka. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba wenye jiwe pajani. Rubani alikuwa akieleza ndege inavyopaa. Fundi peke yake alikuwa amesimama kizuizini, palepale walipoagana.

Alimwona kwanza mwanawe, kisha soksi, kisha kisu.

"Mfukoni," alisema.

"Mfukoni, Baba."

"Nilisema mimi," alianza Rubani.

"Mkwe wangu, nyamaza," alisema mama.

Kijana wa redio akamkabidhi binti kisu, akaangalia saa yake na kusogea hatua mbili. Shoto Mdogo hakulia njiani, sasa akaanza. "Begi limeshakwenda na boksi tupu. Mche wa kwanza tu watajua. Watanipa kisu cha kulia, nitachana miche yao yote, na wiki ijayo mtanipokea hapa hapa. Na nguo zangu zitakuwa bado hazijakauka."

"Visu unavyo," alisema Fundi.

"Ninavyo wapi?"

"Kwenye buti. Mdomo kushoto, kile kingine kulia. Nimevifunga boksi na plasta, kama alivyosema Rubani. Hicho kisicho na jina kinabebesha vizuri, usikidharau."

Mama aliinuka. "Tulikubaliana vibaki."

"Tulikubaliana."

"Umenikubalia usoni, ukageuka ukaviweka."

"Ndiyo."

"Sasa wewe ungefanyia kazi nini, Baba?" aliuliza binti. "Miche elfu mbili. Ungeikata na kucha?" Alikuwa amekasirika, machozi na hasira vikimwagika pamoja. "Chukua basi hiki. Angalau ubaki na hiki."

Akamnyoshea Babu juu ya kizuizi. Fundi akanyosha mkono bila kufikiri, na mkono ulionyoshwa ulikuwa wa kushoto. Vidole vilitetemeka kabla ya kukifikia kisu, vikatetemeka zaidi vilipokigusa, kisha kisu kikaanguka sakafuni. Rubani akainama haraka kukiokota, akamwekea mkwewe kwenye kiganja, kikaanguka tena. Safari ya pili Rubani alikiokota akabaki nacho, akatazama tangazo la ukutani kwa bidii kubwa.

"Tangu lini?" aliuliza Shoto Mdogo.

"Mvua zilizopita."

"Uliniambia nikate mimi yote kwa sababu najifunza. Ulisema mkono haujifunzi kwa kutazama."

"Ulikuwa unajifunza."

"Baba."

"Si umejifunza?"

"Miezi minane," alisema mama, "kila asubuhi ananiletea shati nimfunge vifungo. Eti kola inambana. Ulidhani mimi nadhani ni mapenzi?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoshwa kabisa, na mkono wake ulikuwa umekwisha kukishika kiwiko cha mumewe. "Nilikuwa nangoja useme. Nimengoja mpaka uwanja wa ndege."

Kipaza sauti kikaita abiria wa saa tisa. Kijana wa redio akakohoa.

"Naweza kubaki," alisema Shoto Mdogo. "Begi litarudishwa. Nitampigia wakala, nitamwambia..."

"Umeona?" Fundi alimgeukia mkewe, kisha akamgeukia binti, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alipaza sauti. "Umeona kwa nini sikusema? Neno moja tu nimelitoa na yeye ameshaiacha safari. Hapana. Miche elfu mbili nitaiuza hivyo hivyo ilivyo, au atatafutwa mtu wa kuikata, mimi nitakaa kwenye kigoda nimtukane. Hilo bado naliweza."

"Basi kwa nini ulitaka nichukue vyote?"

Watu waliokuwa na mabegi walipita kando yao. Fundi akamnyoshea Rubani mkono wa kulia, akapokea Babu kwa mkono huo usiokijua, akakitazama.

"Kwa sababu siwezi kukaa navyo mezani vikinitazama," alisema. "Na kuna jingine. Sikutaka uende. Hata siku moja sikutaka, tangu simu ile ya kwanza. Nimelizunguka hilo na visu na mawe mpaka nimewachosha wote." Akakitia kisu mfukoni, mfuko wa kulia, polepole. "Sasa nimeshasema. Nenda, mwanangu. Na uvae viatu."